Injini inagonga: kutafuta chanzo cha mlio kwenye gari la zamani kabla ya kufungua chochote

Injini iliyotembea miaka mingi haikosi mlio. Tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) hulegea, cheni ya taimingi hurefuka, raba za maunti zinazoshikilia injini hukauka, bati la kukinga joto la ekzosi hula kutu hadi likaning'inia kwa bolti moja. Mingi ya milio hiyo inaudhi tu. Michache inaua injini, na inaiua ndani ya kilomita chache. Mwongozo huu unakusaidia kuitenga hiyo michache ukiwa nyumbani, kwa vifaa ambavyo wengi wanavyo.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuuhukumu mlio kwa ukubwa wake. Tundu dogo kwenye gasketi ya manifoldi (mabomba ya moshi yaliyofungwa kwenye injini) linaweza kupiga kelele hadi wapita njia wakageuka, na injini ikaendelea kufanya kazi miaka. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) inayokwisha huanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi kwa kiungo cha kidole. Kwa hiyo sikiliza wakati kabla ya kusikiliza ukubwa. Je, mlio unakuja injini ikiwa baridi au ya moto? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Gari likipanda mlima au limesimama? Andika majibu kabla ya kufungua boneti, maana ukishaanza kugusa vitu kumbukumbu huchanganyika.

ZIMA INJINI SASA HIVI IKIWA

- Taa nyekundu ya oili imewaka au inapepesa huku injini inagonga.
- Mlio mzito umeanza ghafla na unazidi kadiri dakika zinavyokwenda.
- Kipimo cha joto kimefika sehemu nyekundu.
- Oili ina chembe za chuma zinazoonekana kwa macho, au imegeuka rangi ya maziwa.

Usijipe moyo kwamba utaendesha taratibu hadi gereji. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 33 kila sekunde, na kila mzunguko beringi iliyolegea inapigwa. Dakika tano za kuendesha taratibu ni mapigo karibu 10,000. Krenki ambayo ingepona kwa kubadilishiwa beringi inatoka humo imechimbika, au konrodi inatoboa bloku. Gari la kuvutwa linakuacha na injini ya kutengeneza.

VIFAA NA USALAMA

Unahitaji tochi, karatasi nyeupe, sumaku ndogo, bisibisi ndefu, kipande cha mpira wa bomba cha karibu mita moja, spana ya plagi na fila gegi (vibapa vya kupimia mwanya). Skana ndogo ya kusoma kodi (namba za hitilafu) inasaidia sana kwa gari lenye tundu la OBD2, ambako skana huchomekwa. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani yanalo tangu 1996, na ya Ulaya tangu 2001.

Fanya kazi nje, mahali penye hewa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, gia iwe P au nyutro. Vua mkufu, funga nywele, kunja mikono ya shati. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

ANZA NA OILI, HATA KAMA UNADHANI UNAJUA TATIZO

Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Chomoa dipstiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Kwenye magari mengi madogo, tofauti kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Dipstiki ikitoka kavu, huenda injini imekuwa ikizunguka na oili pungufu kwa lita nzima au zaidi, na pampu inanyonya hewa kila ukikata kona au kufunga breki.

Mlio ukiwa mwepesi, wa tik-tik, ongeza oili hadi alama ya juu, washa kwa dakika moja, usikilize. Ukipotea, chanzo cha mlio umekipata; sasa tafuta oili ilikokwenda. Mlio ukiwa mzito, ongeza oili lakini usiwashe kwanza. Maliza ukaguzi huu.

Oili kuzidi nayo ni tatizo. Krenki huipiga ikawa povu, povu likaingia kwenye tapeti za haidroliki, zikaanza kupiga kelele kana kwamba oili ni pungufu.

Namba ya oili ina maana. Injini iliyoandikiwa 10W-40 ikiwekwa 0W-20 itapiga kelele ikipata moto, kwa sababu mwanya wa beringi zake hauwezi kushikilia oili nyepesi kiasi hicho. Kinyume chake, oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu asubuhi ya baridi. Fuata kitabu cha gari, si maneno ya muuzaji.

Nusa dipstiki. Harufu kali ya petroli inamaanisha mafuta yanashuka kwenye sampu, labda kwa injekta inayovuja au silinda isiyowaka, na oili imepoteza unene wake.

Kisha kipimo ambacho wengi hukiruka. Dondosha matone matatu ya oili kwenye karatasi nyeupe, yaache dakika chache yasambae, halafu inamisha karatasi juani. Weusi peke yake ni wa kawaida. Ukiona vumbi linalometameta kama rangi ya gari ya metaliki, hilo ni chuma kilichosagwa. Pitisha sumaku chini ya karatasi. Chembe zikifuata sumaku, zinatoka kwenye vyuma vya feri kama cheni, kemshafti (shafti inayofungua valvu), ringi au krenki yenyewe. Zisipofuata lakini zinang'aa, zinatoka kwenye beringi au pistoni, kwa sababu beringi za injini huvikwa tabaka laini za aluminiamu, bati, risasi au shaba. Vimeta vya rangi ya shaba ni habari mbaya: tabaka la juu la beringi limekwisha na la chini linaliwa.

Ukitaka uhakika zaidi, fungua filta ya oili na uikate. Usitumie msumeno, kwa sababu unga wa msumeno utaingia ndani ukudanganye. Kata ukingo kwa kifaa kinachokata kama kifungua kopo, toa karatasi ya ndani, ikamue, ikunjue mwangani. Sehemu kubwa ya kilichong'oka kwenye beringi hunaswa hapo.

KUTAFUTA MAHALI MLIO ULIPO

Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Anzia kifuniko cha valvu, shuka ubavuni mwa bloku, malizia kwenye sampu. Kisha gusa altaneta na mwili wa wota pampu. Sauti husafiri ndani ya chuma, hivyo utausikia mlio karibu kila mahali. Unachotafuta ni mahali unapokuwa mkali na karibu, kana kwamba upo chini ya kidole. Ukiwa na stethoskopu ya fundi, ni bora zaidi. Kwa hewa inayovuja, kama ya manifoldi, tumia mpira wa bomba: ncha moja sikioni, nyingine izunguke kwenye maungio bila kugusa chuma cha moto.

Jaribio la pili ni mkanda wa nje. Injini ikiwa imezimwa, ondoa mkanda unaozungusha altaneta na vingine, washa kwa sekunde 30, usikilize. Mlio ukiondoka, tatizo lipo kwenye beringi ya altaneta, wota pampu, kompresa ya AC au puli ya kukazia, na injini yako ni nzima. Usizidishe muda, kwa kuwa wota pampu nyingi huzungushwa na mkanda huohuo. Na hakikisha ni mkanda wa nje kweli. Mkanda wa taimingi usiguswe kwa jaribio hili.

La tatu ni kuzima silinda moja moja. Kwenye injini ya petroli yenye injekta, chomoa plagi ya umeme ya injekta ya silinda ya kwanza kwa sekunde kumi, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ni salama kuliko kuchomoa koili, ambako utapigwa na umeme mkali na kumwaga petroli mbichi kwenye katalisti ya ekzosi. Mlio ukipungua wazi kwenye silinda fulani, basi kinachogonga kinabeba nguvu ya silinda hiyo: beringi ya konrodi au pistoni. Usipobadilika kwa silinda yoyote, elekeza macho kwingine.

DALILI YA 1: TIK-TIK NYEPESI JUU YA INJINI, INAYOFUATA MWENDO WA INJINI

Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo milio ya valvu huwa ya taratibu kuliko mtu anavyotarajia. Mwenye taa ya taimingi anaweza kuithibitisha: ibane kwenye waya wa plagi moja, na mlio ukienda sambamba na kila mmweko, chanzo ni upande wa valvu. Ukigonga mara mbili kwa kila mmweko, chanzo ni upande wa krenki.

1. Oili pungufu, chafu au isiyo ya namba yake. Badilisha oili na filta, endesha siku chache.

2. Injekta zenyewe. Hutoa tik-tik kali kwa asili yake, na watu wengi wamefungua kifuniko cha valvu bure kwa sababu yake. Gusa kila injekta kwa bisibisi. Zikilia sawasawa zote, achana nazo.

3. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi. Sauti ni ya kukoroma kidogo, kali injini ikiwa baridi, hupungua chuma kikipanuka kwa joto. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Bolti zilizokatika ni za kawaida kwenye gari la zamani. Kuzitoa kwenye silinda hedi ya aluminiamu kunahitaji mkono uliozoea.

4. Plagi iliyolegea. Hupumua moshi na kutoa sauti ya chaf-chaf. Kaza kwa kipimo cha kitabu, injini ikiwa baridi.

5. Mwanya wa tapeti. Kwa injini zenye tapeti za kurekebisha, pima kwa fila gegi katika hali inayotajwa kwenye kitabu, baridi au moto. Vipimo vya valvu ya kuingiza huwa karibu milimita 0.15 hadi 0.25, na ya kutoa 0.25 hadi 0.35, lakini kila injini ina yake. Tapeti inayopiga kelele haina hatari kubwa. Hatari ipo kwenye iliyobana sana: hainong'oni kitu, na valvu ya kutoa inaungua kimya kimya. Kwa hiyo usikaze hadi mlio uishe. Kaza hadi kipimo.

6. Tapeti ya haidroliki iliyochoka au kemshafti iliyolika. Ikiwa oili mpya na kilomita mia chache hazikusaidia, fungua kifuniko cha valvu ukague. Kemu yenye ncha iliyokuwa bapa haina tiba ila kubadilishwa.

DALILI YA 2: MLIO WA KOKOTO KWENYE KOPO UKIKANYAGA MAFUTA, HASA MLIMANI

Hapa hakuna chuma kilicholegea. Mchanganyiko wa petroli na hewa uliopaswa kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi unajilipukia wenyewe pembeni, na mshindo wake ndio unaosikika kama kokoto. Huja gari likiwa na mzigo, gia kubwa, mizunguko michache, injini ya moto. Ukiachia pedali, unakata papo hapo.

Angalia kwanza uendeshaji. Kupanda mlima kwa gia ya nne kwenye mizunguko 1,500 ni kuilazimisha injini, shusha gia. Kisha petroli: soma kwenye kitabu au ndani ya mfuniko wa tangi kama gari linataka okteni 91 au 95, na tangi linalofuata ujaze ya juu zaidi. Mlio ukiisha, umejua upande wa tatizo, ingawa bado hujui kwa nini injini iliyokuwa ikiridhika na petroli ya kawaida sasa inataka nzuri zaidi. Kwenye gari la zamani jibu mara nyingi ni kaboni. Tabaka la masizi juu ya pistoni linapunguza nafasi ya kubanwa hewa, linashika joto, na linaiwasha petroli kabla ya wakati. Dawa ya kuchanganya kwenye tangi yenye poliethaamini husafisha kiasi, kwa matangi mawili au matatu. Kaboni nene hutoka kwa kufungua hedi.

Ikiwa petroli nzuri haikusaidia, endelea kwa mpangilio huu:

- Joto. Rediyeta iliyoziba au thermostati inayokwama huleta mlio huu kabla kipimo hakijafika nyekundu.
- Taimingi. Kwenye gari lenye distributa, ipime kwa taa na uirudishe kwenye alama ya kitabu. Digrii chache za ziada zinatosha kuleta kokoto.
- Petroli pungufu kwa hewa inayoingia: mpira wa vakyumu uliopasuka, filta ya mafuta iliyoziba, pampu dhaifu. Skana huonyesha P0171.
- Valvu ya EGR (inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) iliyoziba. Kazi yake ni kupunguza joto la mwako. Kodi P0401.
- Plagi zisizo za kiwango sahihi cha joto.
- Sensa ya kugonga. Kompyuta huitegemea kurudisha taimingi nyuma. Kodi P0325. Aina ya duara yenye bolti katikati hukazwa kwa 20 Nm hivi. Ikilegea au kukazwa kupita kiasi inasikia vibaya, kwa hiyo kabla ya kununua mpya hakikisha iliyopo imekazwa sawa na chini yake hapana kutu.

Toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Tazama kaure nyeupe ya kila moja kwa kioo cha kukuza. Ukiona vidoa vidogo vya fedha vilivyogandia, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Acha kuendesha gari hilo kwa mzigo hadi chanzo kipatikane.

DALILI YA 3: MLIO ASUBUHI, KISHA UNAPOTEA

Muda wake ndio unaoeleza. Kara-kara ya sekunde moja hadi tatu mara tu injini inapowaka, upande wa mbele, ni cheni ya taimingi ikisubiri presha ya oili ifike kwenye tenshena (kikazia cheni). Anza na filta: yenye valvu mbovu ya kuzuia oili isirudi chini huiacha mifereji tupu usiku kucha. Weka filta nzuri na oili ya namba sahihi. Mlio ukiendelea, tenshena au cheni imechoka. Ukianza kusikika hata injini ikiwa ya moto, au skana ikitoa P0016, usiendeshe. Cheni ikiruka meno kwenye injini ambazo valvu hukutana na pistoni, utabadilisha hedi nzima.

Tik-tik ya sekunde chache hadi dakika moja ni tapeti za haidroliki zikijaa. Inavumilika.

Mlio mtupu, kama kugonga chungu cha udongo, unaodumu dakika kadhaa na kufifia kadiri injini inavyopata joto, ni pistoni inayoyumba ndani ya silinda. Pistoni ya aluminiamu hupanuka kuliko silinda ya chuma, ndiyo maana joto linaunyamazisha. Kuthibitisha: injini ikiwa baridi, toa plagi ya silinda unayoishuku, tia mililita 5 hadi 10 za oili, izungushe injini mara chache bila plagi, rudisha plagi, washa. Mlio ukipungua kwa muda mfupi huku moshi ukitoka, ni pistoni. Usizidishe oili, kimiminika hakibanwi, na kikijaa juu ya pistoni kinapinda konrodi. Injini yenye tatizo hili inaweza kutumika miaka ikipewa muda wa kupata joto bila kukanyagwa. Si sababu ya kuipasua.

DALILI YA 4: KO-KO-KO NZITO CHINI YA INJINI

Huu ndio mlio ambao mafundi wakiusikia husema injini imenoki. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, ondoa wahalifu watatu wanaouiga vizuri mno, kwa kuwa injini nyingi zimefunguliwa kwa kosa lao.

Wa kwanza ni puli ya krenki. Nyingi zina raba kati ya duara la ndani na la nje. Raba ikiachana, duara la nje hucheza na kugonga. Zima injini, chora mstari mmoja wa chokaa kupita maduara yote mawili, endesha injini kidogo, zima, utazame. Mistari ikiachana, umempata. Angalia pia kama bolti ya katikati imelegea.

Wa pili, kwa gari la otomatiki, ni sahani nyembamba inayounganisha krenki na toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi ya otomatiki). Ikipasuka kuzunguka bolti zake, hugonga sawasawa na konrodi. Dalili yake ni kubadilika unapotoa gia P kwenda D ukiwa umekanyaga breki, na bisibisi husikia zaidi nyuma ya injini, penye giaboksi, kuliko kwenye sampu. Ondoa kifuniko kidogo cha chini ya giaboksi, mulika tochi, zungusha krenki kwa mkono kwa spana ukitafuta ufa na bolti zilizolegea.

Wa tatu ni kitu kilicholegea nje: bati la ekzosi, mabano ya altaneta, ekzosi inayogusa bodi. Tikisa kila kitu kwa mkono injini ikiwa baridi.

Wote watatu wakiwa safi, na taa ya oili haijawaka, fanya jaribio fupi. Injini ikiwa ya moto, pandisha taratibu hadi mizunguko 2,000 au 2,500, shikilia sekunde mbili, achia pedali polepole. Beringi ya konrodi hugonga kwa kufuata mwendo na hupiga mfululizo wa haraka pale unapoachia, kwa sababu uzito unahama kutoka upande mmoja wa beringi kwenda wa pili. Zima silinda moja moja. Mlio ukififia kwenye moja, hiyo ndiyo. Jaribio hili lifanyike mara moja au mbili tu. Kila ukilirudia unaitafuna krenki.

Pini ya pistoni hutofautiana: ni nyepesi zaidi, ya chuma kikali, hugonga mara mbili mbili, na husikika zaidi injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa. Beringi za meni, zinazoshika krenki kwenye bloku, hutoa mngurumo mzito wa du-du-du unaokuja gari likivuta mzigo, na kuzima silinda moja huubadilisha kidogo tu.

Kisha presha ya oili, ipimwe kwa geji ya kweli. Taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshuka hadi karibu bar 0.3 au 0.5, kwa hiyo taa iliyozimika haikuhakikishii kwamba beringi zinapata oili ya kutosha. Fungua swichi ya presha kwenye bloku, funga geji mahali pake, pasha injini moto. Kwa injini nyingi, karibu bar 0.7 bila kukanyaga na kama bar 2 au zaidi kwenye mizunguko 2,000 ni kiwango cha chini kinachokubalika. Kitabu cha gari kina neno la mwisho. Presha nzuri injini ikiwa baridi na inayoanguka ikipata moto ni dalili ya mianya ya beringi iliyopanuka, au pampu iliyochoka. Pia kuna wavu wa kunyonyea oili ndani ya sampu: ukizibwa na tope, injini nzima inakaa na njaa ya oili.

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoishia kwa walio wengi. Kushusha sampu na kukagua beringi kunawezekana kwenye baadhi ya magari bila kutoa injini, na mwenye uzoefu anaweza kuifanya. Ila ajue haya. Vifuniko vya konrodi havibadilishani. Kila kimoja kirudi mahali pake na upande wake. Mwanya wa beringi hupimwa kwa uzi laini wa plastiki unaobonyezwa, na mara nyingi hutakiwa kati ya milimita 0.025 na 0.06. Krenki yenye michirizi inayokwama kwenye ukucha haipokei beringi mpya. Inapelekwa kuchongwa na kuwekewa beringi nene za 0.25 au 0.50. Bolti za konrodi za aina inayorefuka ikikazwa hazitumiki mara mbili. Na lililo gumu zaidi: chembe za beringi iliyokufa zimeshasambaa kwenye mifereji ya oili, pampu na kipoza oili. Anayeweka beringi mpya bila kusafisha huko ataitwa tena na mlio uleule baada ya muda mfupi.

Dawa nzito za kumimina kwenye oili ili kunyamazisha injini hazirekebishi kitu hapa. Zinaficha mlio uliokuwa unakuonya.

DALILI YA 5: MSHTUKO MMOJA UKITIA GIA, UKIONDOKA AU UKIPITA SHIMO

Du moja kisha kimya. Hiyo ni maunti ya injini au ya giaboksi, mara chache shafti ya magurudumu. Fungua boneti, mtu mwingine akanyage breki kwa nguvu na kutia D kisha R bila kukanyaga mafuta. Usisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini ikinyanyuka sana upande mmoja, raba ya upande huo imekwisha.

KWA WENYE DIZELI

Dizeli hugonga kwa asili, zaidi ikiwa baridi, kwa hiyo linganisha na mlio wake wa kila siku. Kugonga kupya kwa silinda moja, kukiambatana na moshi mweusi au mweupe, mara nyingi ni nozeli inayomwaga badala ya kupuliza. Vingine ni hewa kwenye mafuta na taimingi ya pampu. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya mitambo, mafundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja kutafuta silinda yenye tatizo. Usifanye hivyo kamwe kwenye komoni reli (dizeli zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote). Presha ya humo hupita bar 1,000, na mchirizi mwembamba kuliko sindano hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Kidonda huonekana kidogo kama cha mwiba, lakini ni dharura ya hospitali papo hapo. Jaribio hilo lifanywe kwa skana, au mwachie fundi wa dizeli.

UKIMPELEKEA FUNDI

Ikiwa mlio ni wa dalili ya 4, gari livutwe, na lisiwashwe hata kama anataka kuusikia mwenyewe. Mpe karatasi yako: mlio unakuja lini, uliondoka ulipozima silinda ipi, kodi za skana, presha ikiwa baridi na ikiwa moto. Weka oili uliyotoa kwenye chupa safi pamoja na filta iliyokatwa, avione kabla ya kushika spana. Na akitaka kufungua injini bila kupima presha kwa geji wala kutazama puli na sahani ya toki konveta, mwombe aanze na ukaguzi huo.